Meza ya mtandaoni inapogoma: utatuzi wa matatizo kwa wanaoendesha michezo ya uigizaji kutoka Mombasa

Mchezo wa uigizaji wa mezani, ambamo mtu mmoja husimulia na kuamua huku wenzake wakiwa wahusika ndani ya masimulizi hayo, hauhitaji vitu vingi: ramani, kete, karatasi za wahusika na watu wanaosikilizana. Ukiuhamishia mtandaoni, kila kimoja kati ya vitu hivyo hupita njia yake, na kila njia ina namna yake ya kuharibika. Ramani, kete na karatasi hukaa kwenye meza ya mtandaoni, yaani programu kama Roll20, Foundry au Owlbear Rodeo. Sauti kwa kawaida hupitia programu nyingine kabisa, kama vile Discord. Chini ya hizo zote kuna kivinjari, ruta, umeme na chumba alimoketi kila mchezaji, na mchezaji mmoja anaweza kuwa Kisauni, mwingine Likoni, mwingine ng'ambo. Ndiyo maana ujumbe wa "haifanyi kazi" unaotumwa kwenye kikundi muda mfupi kabla ya mchezo hauelezi chochote, na mwendeshaji anayeanza kubadilisha mipangilio kwa kuusoma tu huishia kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kabla ya kugusa chochote, uliza tatizo limempata nani. Likiwa limempata mchezaji mmoja tu, chanzo kiko kwenye kifaa chake, mtandao wake au ruhusa ulizompa ndani ya mchezo. Likiwa limewapata wachezaji wote lakini wewe mwendeshaji huoni kasoro yoyote, shuku njia iliyoko kati yako nao. Likiwa limewapata wote pamoja nawe, shuku ramani yenyewe, moduli (yaani nyongeza ulizoweka kwenye programu) au kampuni inayohifadhi mchezo. Na likiwa limewapata walioko Kenya peke yao, ilhali binamu aliyeko Uingereza anaendelea vizuri, tatizo limo kwenye njia ya mtandao inayotoka nchini. Jibu la swali hili huondoa zaidi ya nusu ya kazi, nami naliweka mbele ya kila ushauri mwingine ulioko hapa chini.

Wachezaji hawawezi kuingia kabisa

Katika Roll20 na Owlbear Rodeo, mchezo unakaa kwenye seva za kampuni husika, kwa hiyo mchezaji anayeshindwa kuingia huwa ametumia kiungo cha mwaliko cha zamani, ameingia kwa akaunti tofauti na ile uliyoialika, au kivinjari chake kina programu ya kuzuia matangazo inayokata sehemu ya ukurasa. Mwambie afungue dirisha la faragha, ambalo kwa kawaida halina nyongeza hizo, aingie upya, na mara nyingi tatizo litaishia hapo.

Foundry ni habari nyingine. Programu hii, iliyotoka mwaka 2020, hununuliwa mara moja na mwendeshaji peke yake, kisha huendeshwa kwenye kompyuta yake mwenyewe, na wachezaji huifikia kwa kivinjari kupitia poti 30000, yaani namba ya mlango wa mtandao ambao programu hiyo huusikiliza. Kwa hiyo kompyuta yako sebuleni ndiyo seva, na kila kizuizi kilichopo kati ya sebule yako na dunia ni kizuizi cha mchezo. Lipime jambo hili kwa hatua tatu, na usiruke hata moja.

Kwanza, kwenye kompyuta hiyohiyo, fungua kivinjari uandike http://localhost:30000. Ukurasa usipofunguka, programu yenyewe haijawaka au kuna programu nyingine iliyoikalia poti hiyo. Pili, chukua simu iliyounganishwa na Wi-Fi ya nyumbani, uandike anwani ya ndani ya kompyuta, ambayo mara nyingi huanza na 192.168, ukifuatisha :30000. Ukurasa ukifunguka kwenye kompyuta na kukataa kwenye simu, mlinzi wa Windows (Windows Firewall) anazuia miunganisho inayoingia kutoka nje. Ruhusu Foundry katika mipangilio yake, na uhakikishe mtandao wa nyumbani umewekwa kuwa wa binafsi na si wa umma. Tatu, zima Wi-Fi kwenye simu hiyo, tumia bando, na ujaribu anwani ya umma. Hapa ndipo waendeshaji wengi wa kwetu hukwama.

Sababu ya kwanza ya kukwama ni ruta ambayo haijaelekezwa kupeleka poti 30000 kwenye kompyuta yako. Hilo hurekebishwa kwenye ukurasa wa mipangilio ya ruta. Sababu ya pili ni nzito zaidi: huenda huna anwani ya umma iliyo yako. Makampuni ya mtandao, hasa ya simu, huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na hapo ukielekeza poti kwenye ruta yako unafungua mlango wa chumba ilhali lango la jengo limefungwa na mtu mwingine. Utajua kwa kulinganisha: tazama anwani ya nje iliyoandikwa kwenye ukurasa wa ruta, kisha tazama anwani inayoonyeshwa na tovuti yoyote ya kuangalia IP. Zikitofautiana, au ile ya kwenye ruta ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, uko nyuma ya anwani ya pamoja. Wanaotumia ruta za laini ya simu, au Wi-Fi ya pamoja ya jengo la kupangisha, wajiandae kukuta hali hiyo.

Ufumbuzi uko wa aina tatu. Unaweza kuiomba kampuni ikupe anwani ya umma, jambo ambalo huenda likawa na malipo yake. Unaweza kutumia huduma ya handaki, kama Cloudflare Tunnel, playit.gg au Tailscale, ambayo kompyuta yako huifungulia muunganisho kutoka ndani kwenda nje, na wachezaji wakapitia huko. Au unaweza kuihamishia Foundry kwenye seva ya kukodi, au huduma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo kama The Forge. Kwa kikundi kinachocheza kila wiki mimi napendekeza njia ya tatu, na sababu yangu ni hesabu rahisi ya upakiaji. Ramani ya megabaiti 10 ikipakuliwa na wachezaji watano ni megabaiti 50, sawa na megabiti 400, na zote zinatoka nyumbani kwako. Kama mtandao wako unapakia kwa megabiti 5 kwa sekunde, utazipitisha kwa sekunde 80, na wakati huohuo sauti yako inakatika kwa sababu inagombea njia ileile. Hali hii ndiyo inayoeleza malalamiko ya kawaida kabisa, kwamba kila ukibadilisha ramani mwendeshaji huanza kusikika kama roboti.

Mambo mawili madogo yafaa kutajwa kabla ya kuondoka hapa. Mdogo wako anayecheza kutoka chumba cha pili anaweza kushindwa kuingia kwa anwani ya umma ilhali walio mbali wanaingia, kwa kuwa ruta nyingi hazirudishi ndani ombi lililotoka ndani. Mpe anwani ya 192.168. Na kamera au kipaza sauti cha ndani ya Foundry kikikufanyia kazi wewe lakini si wachezaji, ni kwa sababu vivinjari haviruhusu vifaa hivyo isipokuwa kwenye anwani ya https au kwenye localhost. Ukitaka kuepuka usumbufu wa vyeti vya usalama, acha sauti ipite Discord.

Mchezaji anaona weusi mtupu

Hili ni tatizo la ruhusa na mwanga, karibu kila mara, wala si la mtandao. Chukua mfano wa ramani ya vichochoro vya Mji wa Kale, yenye kuta ulizochora kuzuia macho, milango ya kuchonga inayofunguka, na taa moja iliyowekwa kwenye baraza. Wachezaji watatu wanaona kichochoro vizuri. Wa nne anaandika kwamba skrini yake ni nyeusi. Usimwambie aanze kuwasha upya kompyuta. Muulize hivi: "Dada, juu ya skrini yako pameandikwa jina la ramani gani?" Akitaja ramani ya wiki iliyopita, ameachwa nyuma, na unachohitaji ni kumvuta aje kwenye ramani inayotumika.

Akitaja ramani sahihi, fungua tokeni yake, yaani alama inayomwakilisha mhusika wake kwenye ramani. Angalia kwanza kama tokeni imeunganishwa na mhusika ambaye mchezaji huyo amepewa umiliki wake. Waendeshaji hupenda kunakili tokeni ya mhusika mwingine na kubadilisha picha tu, na umiliki hubaki kwa mtu wa zamani. Angalia pili kama uwezo wa kuona umewashwa kwenye tokeni. Angalia tatu kama kuna mwanga wowote unaomfikia, au kama mhusika wake ana uwezo wa kuona gizani ambao hujauandika. Kisha angalia mahali ilipo. Katika kichochoro chenye upana wa mraba mmoja, tokeni ikiwekwa haraka kitovu chake kinaweza kuangukia juu ya mstari wa ukuta au ndani ya unene wa nyumba, na hapo mhusika amefungiwa ndani ya jiwe. Isogeze nusu mraba, na kichochoro kizima kitafunguka mbele yake.

Kinyume chake hutokea pia: mchezaji anaona ramani yote, pamoja na vyumba ambavyo hajavifungua. Ikiwa ni wachezaji wote, mfumo wa kuona haujawashwa kwa ramani hiyo. Ikiwa ni mmoja, pengine umempa cheo cha mwendeshaji msaidizi ili akusaidie jambo fulani, na cheo hicho humwonyesha kila kitu. Ikiwa mwanga unavuja kama mstari mwembamba kwenye pembe ya chumba, kuta mbili hazijagusana. Kuza ramani uone pengo la pikseli chache, uziunganishe.

Njia bora ya kuzuia haya yote ni kuitazama ramani kwa macho ya mchezaji kabla ya siku ya mchezo. Tengeneza mtumiaji wa majaribio, ingia kwa jina lake kwenye dirisha la faragha la kivinjari, umiliki tokeni moja, utembee kwenye ramani nzima. Kazi hii inachukua muda mfupi kuliko utakaoupoteza ukirekebisha kuta mbele ya watu waliotenga usiku wao kwa ajili yako.

Tokeni haisogei

Katika Foundry, angalia kama mchezo umesimamishwa. Neno la kusimamisha huonekana chini ya skrini, na katika hali hiyo wachezaji hawawezi kusogeza chochote. Bonyeza kitufe cha nafasi. Katika Roll20, angalia kama uliiweka tokeni kwenye tabaka la ramani badala ya tabaka la tokeni, kwa kuwa wachezaji hawawezi kushika kilichomo kwenye tabaka la ramani. Baada ya hapo angalia umiliki, kisha angalia kama kuna ukuta au mlango uliofungwa mbele yake.

Kila kitu ni kizito

Tenganisha uzito wa mtandao na uzito wa kompyuta. Ramani inayochelewa kufunguka lakini ikishafunguka inasogea vizuri ina tatizo la mtandao. Ramani iliyokwisha kufunguka lakini inakwamakwama unapoisogeza ina tatizo la kompyuta.

Kwa upande wa kompyuta, jambo lisiloeleweka vizuri ni kwamba ukubwa wa faili si ukubwa wa picha. Faili ya ramani inaweza kuwa megabaiti 6 kwenye diski, lakini kadi ya michoro huifungua pikseli kwa pikseli, na kila pikseli huchukua baiti 4. Ramani ya pikseli 8,000 kwa 8,000 basi hudai megabaiti 256 za kumbukumbu, hata uibane faili namna gani. Ramani ya miraba 40 kwa 30, yenye pikseli 100 kwa kila mraba, ni pikseli 4,000 kwa 3,000, yaani megabaiti 48, na hiyo inatosha kabisa kuonyesha ua wa ngome na minara yake. Wachezaji wenye kompyuta za ofisini au za mtumba, zisizo na kadi ya michoro ya peke yake, huumia kwanza; ukubwa wa ramani zako na upimwe kwa kompyuta iliyo dhaifu kuliko zote kwenye kikundi. Katika Foundry, kuihifadhi picha kwa muundo wa WebP hupunguza muda wa kuipakua, lakini ni kuipunguza pikseli ndiko kunakopunguza mzigo wa kumbukumbu. Mambo haya mawili ni tofauti, na kuyachanganya huwafanya watu waseme wamebana ramani na bado inakwama.

Kama ramani ni ndogo na bado inakwama kwa mtu mmoja, mwombe afungue mipangilio ya kivinjari chake kwenye sehemu ya mfumo, aone kama matumizi ya kadi ya michoro yamezimwa. Yakizimwa, kichakataji kikuu hubeba kazi yote ya kuchora mwanga na vivuli, na hakiwezi.

Kisha kuna joto, ambalo Pwani hatuwezi kuliacha nje ya hesabu. Uliza kama uzito ulianza tangu mwanzo au baada ya saa moja hivi. Kompyuta iliyoanza vizuri na kuzidi kuwa nzito inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na kuanzia Januari hadi Machi, chumba kisicho na upepo kinatosha kuifikisha hapo. Iinue kutoka mezani ili hewa ipite chini, isiwekwe kitandani wala juu ya mto, feni yake isafishwe vumbi, na katika mipangilio ya Foundry punguza idadi ya picha kwa sekunde. Ramani ya mchezo huu haihitaji picha 60 kwa sekunde; 30 zinatosha.

Kuhusu simu, nasema waziwazi: Foundry haikutengenezwa kwa skrini ya simu, na kumlazimisha mchezaji aitumie hivyo ni kumtesa. Owlbear Rodeo ni nyepesi na hufunguka kwenye simu. Kama kikundi kimeshachagua Foundry na mmoja wenu ana simu tu, mpe sauti, mtumie picha ya ramani kila hali inapobadilika, msogezee tokeni yake kwa maelekezo yake, na umruhusu arushe kete halisi nyumbani kwake. Mwamini. Kikundi kisichoweza kumwamini mtu kwa kete hakitaokolewa na programu.

Sauti ina mwangwi, inakatika au imejaa kelele

Mwangwi una kanuni yake, na ukiijua utamaliza tatizo mara moja. Anayesikia sauti yake ikirudi hana kosa. Sauti yake imefika kwa mwenzake, imetoka kwenye spika za mwenzake, ikaingia kwenye kipaza sauti cha huyohuyo mwenzake, ikarudi kwa wote. Kwa hiyo wote watalalamika isipokuwa mwenye spika zilizo wazi, na yule asiyelalamika ndiye wa kuchunguzwa. Zima vipaza sauti kimoja baada ya kingine hadi mwangwi ukome, kisha mwombe mwenye kipaza sauti hicho avae hedifoni.

Sauti inayokatika inahitaji swali lilelile la mwanzo. Mtu mmoja akisikika vibaya na wote, mtandao wake wa kupakia ndio mgonjwa. Mtu mmoja akiwasikia wote vibaya, tatizo ni upande wake wa kupokea. Wote wakisikiana vibaya, badilisha eneo la seva kwenye chaneli ya Discord. Jaribu Afrika Kusini, jaribu Ulaya, na ubaki na lenye upotevu mdogo wa data. Usihangaishwe sana na ucheleweshaji wenyewe. Mwanga ndani ya waya wa kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kila kilomita 1,000 za njia huongeza kama milisekunde 10 za kwenda na kurudi, na hakuna mpangilio wa kompyuta utakaolifupisha hilo. Lakini mchezo huu ni wa zamu na mazungumzo. Hustahimili ucheleweshaji wa milisekunde 200 bila mtu kuhisi. Kinachouharibu ni data inayopotea njiani.

Na data hupotea zaidi ndani ya nyumba kuliko baharini. Nyumba za kale za Mji wa Kale zina kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na Wi-Fi ya gigahezi 5 hufifia upesi ikikutana na kuta kama hizo. Mchezaji anayekaa vyumba viwili kutoka kwenye ruta ataona alama ya mtandao imejaa nusu na sauti yake itakatika kila dakika chache. Mwambie ahamie gigahezi 2.4, ambayo ni ya polepole lakini hupenya vizuri zaidi, au asogeze ruta kwenye mlango unaotazamana na chumba chake. Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye kompyuta hushinda yote hayo, na haugharimu pesa nyingi.

Zipo siku ambazo tatizo liko baharini kweli. Waya za mtandao za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa kusini, na mtandao ukawa mzito Afrika Mashariki kwa siku kadhaa. Katika hali hiyo hakuna cha kurekebisha nyumbani. Zima kamera zote, bakiza sauti peke yake. Sauti ya Discord kwa kiwango chake cha kawaida cha kilobiti 64 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 29 kwa saa kwa kila anayesema mfululizo, na hiyo hupita hata pale ambapo ramani na video zinakwama. Hesabu hiyo itamfaa pia mchezaji anayetumia bando la siku.

Kelele za chumbani nazo zina tiba tofauti kulingana na aina yake. Mvumo wa pangaboi hauna mabadiliko, na kichujio cha kelele cha Discord huuondoa vizuri. Watoto, televisheni na pikipiki haviondoki kwa kichujio. Hapo mchezaji atumie kitufe cha kubonyeza ili kusema. Adhana ya isha, ambayo huku kwetu huingia kati ya saa moja na saa mbili usiku, isichukuliwe kuwa kelele ya kuchujwa: panga mapumziko wakati huo, au anza mchezo baada ya sala, na katika Ramadhani baada ya tarawehe.

Mchezaji amefika saa nyingine

Chanzo huwa ni saa iliyoandikwa bila kutajwa ni ya nani. Ukiwaandikia "saa tatu usiku", mchezaji aliyezaliwa ng'ambo anaweza kusoma saa tisa usiku. Andika 21:00 saa za Afrika Mashariki, yaani 18:00 za saa ya kimataifa. Sisi hatubadilishi saa, lakini Uingereza hubadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, hivyo mchezo wetu wa 21:00 ni 18:00 kwao wakati wa baridi na 19:00 wakati wa kiangazi. Wakumbushe katika majuma hayo mawili.

Kete zinadhaniwa kuwa na upendeleo

Kama maandishi 1d20+5, yaani kete moja ya pande 20 na kuongeza 5, yanatokea kwenye mazungumzo bila matokeo, mchezaji amesahau kuanza na /r. Kama matokeo yapo na mtu analalamika kwamba hapati 20, mwonyeshe hesabu. Uwezekano wa kutopata 20 katika kurusha mara ishirini ni takriban 36 kwa mia, na katika kikundi cha wachezaji watano waliorusha mara ishirini kila mmoja, uwezekano kwamba angalau mmoja wao hatapata hata moja ni kama 89 kwa mia. Karibu kila usiku kutakuwa na mtu mwenye bahati hiyo, na hakuna kilichoharibika.

Mchezo uliofanya kazi jana leo haufunguki vizuri

Uliza nini kilisasishwa. Foundry hubadilika sana kati ya toleo kuu moja na jingine. Toleo la 11, kwa mfano, lilibadilisha hata namna ya kuhifadhi data, kutoka NeDB kwenda LevelDB. Moduli ambazo watengenezaji wake hawajazifuatisha huvunjika, na mara nyingi huvunja vitu visivyohusiana nazo: vitufe vya karatasi ya mhusika vinakataa, au mapigano hayaanzi.

Zima moduli zote, fungua mchezo, uone kama kasoro imeondoka. Ikiondoka, washa nusu ya moduli. Kasoro ikirudi, imo katika nusu hiyo. Isiporudi, imo katika nusu nyingine. Endelea kugawa. Moduli 32 humalizwa kwa hatua tano, na kuna moduli iitwayo Find the Culprit inayokufanyia ugawaji huo. Ukimpata mkosaji, jiulize kama unamhitaji kweli. Vikundi vingi hubeba moduli ambazo hakuna anayekumbuka ziliwekwa kwa ajili gani, na kila moja ni mahali pengine pa kuharibika. Usisasishe siku ya mchezo, na usisasishe kabla ya kunakili folda ya data.

Folda hiyo pia isikae ndani ya OneDrive au Dropbox. Huduma hizo hushika faili wakati Foundry inaziandika, na dunia uliyoijenga kwa miezi inaweza kuharibika. Nakili folda huko baada ya kuizima Foundry. Usiiendeshe kutoka huko.

Umeme umekatika katikati ya mchezo

Katika Roll20, mwendeshaji aliyezimikiwa hutoka na mchezo hubaki. Wachezaji wanaweza kuendelea kuona ramani hadi arudi. Katika Foundry iliyo nyumbani, ukizimikiwa wewe wamezimikiwa wote. Kompyuta ya mkononi ina betri, lakini ruta haina, na hapo ndipo pa kuanzia: UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya akiba inayotoa volti 12, huiweka ruta hewani hata kama nyumba nzima imo gizani. Usipokuwa nayo, washa mtandao wa simu yako uendelee na sauti tu. Hapa huduma ya handaki huonyesha faida nyingine, kwa kuwa anwani ya wachezaji haibadiliki hata ukihama kutoka kwenye ruta hadi kwenye simu.

Kubalianeni mapema jinsi mtakavyoendelea bila ramani. Mwendeshaji aandike kwenye karatasi, kabla ya mchezo kuanza, afya ya kila adui na mpangilio wa zamu, na aisasishe karatasi hiyo kila raundi. Umeme ukiondoka, anaeleza kwa maneno nani yuko wapi na nani yuko karibu na mlango, wachezaji wanarusha kete walizonazo, na pambano linamalizika.

Kompyuta ya mezani iliyozimika ghafla Foundry ikiwa wazi isifunguliwe haraka umeme unaporudi. Kabla ya kuiwasha dunia ya mchezo, nakili folda yake nzima jinsi ilivyo mahali pengine, maana jaribio la kwanza la kuifungua linaweza kuandika juu ya data ambayo bado ingeokolewa. Ikikataa kufunguka, rudisha nakala ya mwisho uliyoihifadhi, kisha tumia karatasi yako kurudisha afya na zamu mahali zilipokuwa.